Shamba Lako, Mwisho wa Mufereji

Ramazani mwanangu,

Ukiisoma hii barua tayari uko kwa mjomba wako huko Kasongo, na mavumbi ya njia umeisha kuyaoga. Nimeiweka katikati ya shuka na koti, pahali ambapo hutafika mpaka uwe umefungua begi lote. Mambo ya kufua, ya kulala mapema, ya kumuheshimu muke wa mjomba wako, shangazi yako ameyasema jioni yote. Nilikusikia ukiitika "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi," hata pale alipokuwa ameisha kugeuka na kuanza kuwafukuza kuku. Siyarudilii.

Mimi nina neno moja tu. Nilitaka kulisema mbele yako, nikaona haifai, na sababu nitakupa. Neno lenyewe ni hili: wamama wa hapa wanataka kuufunga mufereji kabla mvua haijaanza. Ukifungwa, bwawa litarudi pahali pake, na shamba lako la mupunga litakaa chini ya maji. Halitakuwa jambo la musimu mumoja. Shamba ni lako. Siku tulipogawana vitu vya baba yako, mwalimu Juma alikaa nasi, mimi nikachukua fungu langu kwenye michikichi, dada yako Mwamini akapata upande wa nyumba, na lile la mwisho wa mufereji likawa lako mbele ya mashahidi. Hakuna mukono mwingine unaoweza kutia udongo pale bila ruhusa yako. Wamama wameniuliza mimi. Mimi nakuuliza wewe.

Mengine yote ninayoandika ni ili ujue unaulizwa kitu gani.

Bwawa ulilikuta, lakini ulikuwa mudogo, nafikiri unalikumbuka kwa vipande tu. Mimi nilipoletwa hapa kutoka Wamaza, bibi-arusi ambaye hata njia ya kwenda kuteka maji hajui, lilikuwa linajaza bonde lote. Kijito kinachotoka kwenye milima ya machimbo kilikuwa kikifika bondeni kinapotea. Kinaingia kwenye matete, kwenye miti ya miwale, kwenye yale majani yanayokata mikono, kinatawanyika kama mutu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Ukikaa juu ya kilima ulikuwa huwezi kuonyesha na kidole kwamba kijito kiko hapa au kiko pale. Kisha chini kabisa, karibu na mawe tunapofulia, kinatokea tena. Maji kidogo, baridi, unaona vidole vya miguu yako ndani yake. Pale ndipo tulipoteka maji ya kunywa, na wanaume walishuka pale kutawadha kabla ya alfajiri.

Mvua ikikaza, muto mukubwa ulipanda na kuingia ndani ya bonde, bwawa likavimba, likakaa hivyo wiki nyingi, halafu likaanza kuachilia polepole. Kiangazi kikija, vinabaki vidimbwi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu wanawake. Tulijenga kuta za potopoto kuzunguka kidimbwi, tukasimama kwa mustari na mabasani, tukamwaga maji nje mpaka chini ikaonekana, na samaki wakabaki wanarukaruka kwenye tope. Kambale, na wale wadogo wa miba, na wengine ambao majina yao nayajua kwa Kibangubangu tu. Wanaume walikuwa hawakaribii. Baba yako siku moja alipita karibu akielekea shamba, wakamurushia potopoto mpaka kanzu ikabadilika rangi.

Bibi Mwavita, yule jirani yetu, ndiye alikuwa anachagua vidimbwi vya kukausha. Kimoja alikuwa anatukataza, kile kilichoko chini ya miwale. Kilikuwa kimekatazwa kama vile nguruwe imekatazwa: hakuna anayeuliza sababu. Mimi mugeni nikachovya basani langu pale. Alinipiga kwenye mukono mbele ya wote.

"Kwenu Wamaza munakula na mbegu?" akaniuliza.

Nililia nyumbani, nikamwambia baba yako kwamba ule mama ni mubaya. Miaka ikapita ndipo nikaelewa. Kile kidimbwi ndimo samaki walikuwa wanangojea mvua. Maji yakipanda, walitoka humo, wakaenea kwenye majani yaliyofunikwa na maji, wakataga, na mwaka ukizunguka mabasani yetu yanajaa tena. Tungekikausha kile kimoja, tungekula siku moja vizuri na miaka mingine yote tukaangaliana.

Sasa nikwambie habari ya mufereji, kwa sababu watu wanasema ni kazi ya baba yako, na wewe umekua ukisikia hivyo. Jembe lilikuwa mukononi mwake, kweli. Lakini aliyemusukuma nilikuwa mimi, na waliotushangilia walikuwa kijiji kizima. Mashamba ya mulimani yalikuwa yamechoka, muhogo ulitoka mwembamba kama kidole. Nilikuwa nimeenda Nyangwe kwenye matanga ya mama yangu mudogo, nikaona kule watu walivyolima mupunga kwenye mabonde ya maji, magunia yamepangwa mpaka mulangoni. Nikarudi na maneno hayo. Kila nikipita karibu na bwawa nilikuwa naona magunia. Nikamwambia baba yako, ile ardhi ni mvivu. Tulikuwa tunaiita hivyo, ardhi mvivu, kwa sababu ilikaa tu, inazaa mbu na nyoka na harufu.

Jambo hili bado linanishangaza, mwanangu, kila nikilifikiria. Kila siku tuliona maji mekundu yanaingia kwenye bwawa upande wa juu. Kila siku tuliona maji meupe yanatoka upande wa chini. Na bado, tukikaa na kuongea, tulikuwa tunasema bwawa ndilo uchafu.

Walichimba kiangazi chote. Walikata miwale, wakachoma matete, wakanyoosha mufereji kutoka pale kijito kinapoingia mpaka karibu na mawe ya kufulia. Siku ya kumaliza tulisoma dua, tukachinja kuku, mwalimu Juma akaomba Mungu atie baraka katika mavuno. Bibi Mwavita alisimama pembeni amefunga mikono, hakula.

"Mumelipasua tumbo muone kilicho ndani," akasema. "Kilicho ndani ya tumbo si munakijua?"

Tulicheka sana. Baba yako ndiye aliyecheka kuliko wote. Kwa miaka mingi lile neno lilikuwa muchezo hapa nyumbani, mukila sana nawaambia munataka nione kilicho ndani.

Na baraka zilikuja, sitakudanganya. Ile miaka ilikuwa mizuri. Mabati unayolala chini yake yametoka pale. Masomo yako yametoka pale, na matibabu ya mwisho ya baba yako. Mutu akikwambia kwamba ule mupunga ulikuwa laana, mujibu kwamba mama yako aliula na akamushukuru Mungu, na shukrani ile siifuti.

Kilichofuata kilikuja polepole, na kitu kinachokuja polepole hakimuamushi mutu. Kiangazi cha kwanza tulikosa vidimbwi. Maji yalikuwa yamepata njia iliyonyooka, yakapita, yakaenda zao, na bonde likakauka kabla hatujatengeneza mabasani. Tukasema, basi, mwaka huu samaki hakuna, tuko na mupunga. Baadaye wachimbaji wa dhahabu waliongezeka kule milimani. Walifungua mashimo kando ya kijito, wakaosha udongo wao ndani yake. Maji yakashuka mekundu kuliko zamani, yakaingia mufereji mekundu, na kwa sababu hakuna kilichoyasimamisha katikati, yakatokea mekundu kwenye mawe yetu. Tulipokuwa tunateka, ndoo ikikaa usiku, asubuhi chini yake kuna tope la kukandika ukuta.

Wanaume ndio waliona kwanza, kwa sababu ya kutawadha. Unajua vile tulivyofundishwa: maji yakibadilika rangi, ladha au harufu, uyaangalie vizuri kabla hujayasimamia swala. Basi wakamwendea mwalimu Juma baada ya swala ya Ijumaa. Wakamuuliza kama maji yaliyoingiwa na udongo yanafaa. Mwalimu akafungua kitabu chake, akawasomea, akawaeleza: udongo hauyaharibu maji. Udongo wenyewe ni safi. Mutu akikosa maji si anatayamamu kwa udongo? Tawadheni bila wasiwasi.

Jibu lilikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nimelisikia kwa mwalimu mwingine tangu utoto wangu. Lakini angalia tulivyolifanya. Wale wanaume walirudi nyumbani wakatuambia sisi wanawake: mwalimu amesema maji ni safi. Na sisi tukaipokea ile "safi" tukaipeleka jikoni. Tukaimimina kwenye sufuria, kwenye chai, kwenye vikombe vya watoto. Mutu akilalamika, anajibiwa kwamba mwalimu ameisha kusema. Unakumbuka mwenyewe ile miezi ambayo ninyi wote mulikuwa munakimbilia nyuma ya nyumba, na mutoto wa jirani mwingine tuliyemuzika kabla hajaota meno. Sisemi ni maji yaliyomuua. Sijui. Mungu ndiye anajua muda wa kila mutu. Ninasema tu kwamba hatukuyaangalia maji, kwa sababu tulikuwa tumeisha kupata jibu.

Muda murefu ukapita kabla sijaenda kwa mwalimu mwenyewe. Nilikuwa nimepeleka chakula cha futari, nikamukuta kwenye kibaraza anachuja maji ya kunywa kwa kitambaa, kikombe baada ya kikombe. Nilisimama nikiangalia. Nikamuuliza, mwalimu, hayo si yale uliyosema ni safi?

Alikamua kitambaa kwanza, mutu yule hana haraka, unamujua.

"Mama Rama," akasema, "muliniuliza maji ya kutawadha. Ya kunywa hamukuniuliza."

Hakusema kwa ukali. Aliona huruma, nafikiri, na pengine aibu pia, kwamba alikuwa anachuja kimya ndani ya ua wake wakati sisi tunakunywa kwa jina lake. Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu. Tangu siku ile nimejua kitu kimoja juu yangu mwenyewe, nakupa nawe ukiangalie: tulichagua lile swali. Tulikuwa na maswali mengi ya kuuliza juu ya yale maji, tukachukua lile ambalo jibu lake halitagusa mupunga. Mutu anaweza kuwa mucha Mungu kabisa na bado akafanya hivyo. Mimi nilifanya, na nilikuwa sikosi swala.

Baada ya pale ndipo nilimwomba Bibi Mwavita radhi, kwa mambo mengi kwa pamoja, na nikamwomba tutembee bonde lote. Tulienda yeye, mimi na Mwamini. Tulianza juu. Kijito kilikuwa kinashuka na rangi ya chai yenye maziwa. Tukafuata mufereji, rangi ni ile ile mpaka kwenye shamba lako, mpaka kwenye mawe. Kisha Bibi Mwavita akatuvuta upande wa kushoto, kwenye ile kona ya miwale ambayo wanaume waliiacha kwa sababu mizizi ilivunja majembe. Maji kidogo yanavuja kutoka kwenye mufereji, yanaingia mule. Tulikanyaga polepole, tukiinua nguo. Kila hatua maji yanazidi kutulia. Majani ya matete yalikuwa yamepakwa tope mpaka kiunoni, kama yamevaa soksi. Mwishoni, chini ya miwale, kulikuwa na dimbwi si kubwa kuliko jiko letu. Mwamini akatia mukono ndani, akahesabu vidole vyake kwa sauti, na watoto wa kambale wakaja kumugusa.

Bibi Mwavita angeweza kutukumbusha mengi. Alikaa juu ya muzizi akakunywa kwa kiganja.

Nimeisha kuelewa tangu siku ile jinsi kazi ilivyokuwa inafanyika, na si elimu kubwa. Maji yakienda mbio yanabeba mizigo. Yakizuiwa na majani, yakapunguza mwendo, yanaitua, na yale majani yanashika. Bwawa lilikuwa linachukua mwendo wa maji, hiyo tu. Sisi tuliurudisha. Baba yako, mwaka wake wa mwisho, alikuwa anaenda kukaa kwenye ukingo wa mufereji hata siku ambazo hana kazi pale. Nilimupelekea chakula cha sombe siku moja, akaniambia bila kunitazama: "Nilifikiri nayatengenezea maji njia. Kumbe yalikuwa nayo, ila ilikuwa ndefu." Alisema mara moja ile tu. Ninakuandikia kwa sababu hukuwepo, na kwa sababu kesho na kesho kutwa watu wakikwambia kwamba kuufunga mufereji ni kumutukana marehemu, ujue alichosema mwenyewe.

Sasa nirudi kwa shamba lako. Kama lingekuwa linakufa, nisingekuandikia karatasi yote hii. Ningekwambia tu kwaheri ya shamba. Wale wenzetu wawili wa upande wa juu, muchanga wa machimbo umefunika mashamba yao, mupunga haushiki tena, kwa hiyo wamekubali bila maneno. Lakini lako liko mwisho. Muchanga unaanguka juu, kwako linafika lile tope laini peke yake, na mupunga wako umesimama kuliko wakati wowote. Umeona mwenyewe mwaka huu. Ni shamba zuri kuliko yote ya bonde, na linanenepeshwa na kitu kile kile kinachotuharibia maji. Najua unavyolihesabia. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba utajifunza kutengeneza mapikipiki, utarudi, utanunua yako, na mupunga wa pale ndio utakaoleta muke nyumbani. Ulisema vizuri. Kijana akiwa na shamba kama lile, wazazi wa binti hawamuulizi mengi.

Wiki iliyopita wamama walikutana kwenye mawe, tukiwa tunafua, ukiniona kwa mbali ungefikiri ni sabuni tu. Walitaka jambo liishe upesi. Wangojee uondoke, wafunge, yaishe.

"Akirudi atakuta bwawa," mumoja akasema. "Atagombana na nani, na kambale?"

Wakacheka wote, hata mimi nilicheka, kwa sababu nilikuona kabisa umesimama na jembe unamufokea kambale. Kisha Bibi Mwavita akatunyamazisha. Akaniuliza kama mwanangu anajua. Nikasema hajui. Akasema basi hatugusi, kwa sababu waliolipasua bwawa hawakumuuliza aliyekuwa analitumia, na yeye hataki kulishona kwa namna ile ile. Ndiyo imekuwa hivyo. Udongo wa mfinyanzi umeisha kukusanywa pembeni, miti imekatwa, na vyote vinangojea neno lako.

Ni lazima nikwambie pia upande usiotupendeza. Sijui kama bwawa litaweza tena. Wachimbaji ni wengi kuliko zamani, na tope wanalotuma ni zito. Miwale inachukua miaka kukua, na sisi tuliikata mikubwa yote. Pengine tutafunga, shamba lako litazama, na maji kwenye mawe yatabaki mekundu miaka mingine mingi. Pengine Mwamini ataendelea kupanda mulima wa pili kuteka maji mpaka aolewe. Anayekwambia kwamba ana hakika, hajalitazama bonde. Mimi nina ile kona ya miwale tu. Nimeiona kwa macho, nimekunywa pale, na hicho ndicho kitu chote ninachoweza kuweka mbele yako upande mumoja, na shamba zima upande mwingine.

Utajiuliza kwa nini sikukuambia haya tukiwa tumekaa pamoja jikoni, leo au jana. Ningekuambia, ungesema ndiyo. Nakujua. Ungeangalia chini, ungesema "sawa, mama, fanya unavyoona," na ungekwenda Kasongo na ile ndiyo ndani ya tumbo kama chakula kilicholala. Sitaki ndiyo ya heshima. Nimekulea uniheshimu, na sasa heshima yenyewe inanizuia kukuuliza kitu. Kwa hiyo nakuuliza ukiwa mbali, pahali ambapo sioni uso wako nawe huuoni wangu.

Na jambo jingine, ulishike vizuri. Baraka zangu unazo. Nimekuombea kabla sijashika kalamu, na zile dua hazimo ndani ya mambo haya. Ukisema hapana, hazipungui. Ukisema ndiyo, haziongezeki. Kuna wamama wanaoweka radhi yao juu ya kila kitu wanachokitaka, mutoto anaogopa hata kuchagua viatu. Mama yangu alikuwa hivyo, Mungu amurehemu, na mimi nilifunga ndoa yangu ya kwanza kwa kuogopa. Hilo hukulijua. Ilikuwa fupi, na kabla ya baba yako, na sina haja ya kuliandika zaidi ya hapa.

Basi tufanye hivi. Kama hutaki mufereji ufungwe, niandikie. Neno moja linatosha, mupe yeyote anayekuja na pikipiki upande wetu. Nitalisoma, nitawaambia wamama kwamba mwenye shamba amejibu, na nitashika bido la maji nimufuate Mwamini mulimani. Sitakuuliza sababu, na ukija kututembelea sitalitaja.

Kama unakubali, usiandike kitu. Hata salamu. Unajua vile mwalimu anavyokwenda kumuuliza binti kama anamutaka mutu aliyemuposa, na binti akinyamaza, wazee wanasema amekubali? Unisamehe kukufananisha na binti, lakini nakupa ruhusa ile ile. Ukinyamaza mpaka mvua ya kwanza, nitajua. Siku ile nitashuka bondeni na wenzangu, na kapu la kwanza la udongo nitalitia mimi, kwa sababu neno la kwanza la kulipasua lilitoka kwangu.

Moyo wangu uko upande gani umeisha kuona, sikujua namna ya kuuficha. Usiuangalie. Angalia shamba, angalia maji, fikiri miaka yako ambayo mimi sitakuwepo.

Kuanzia kesho nitakuwa na kazi ya ajabu. Kila pikipiki itakayosimama mbele ya nyumba itanishtua. Wamama ambao watoto wao wako mbali wataniuliza, Mama Rama, mutoto ameandika? Nitawajibu bado. Watanionea huruma, watasema watoto wa siku hizi wakifika mujini wanasahau. Sitawabishia. Nitaingia ndani, nitatandika musala, nitamwomba Mungu akupe afya, akupe kazi ya halali na watu wema wa kula nao, na barua yako isifike.

Mama yako,
Fatuma